Masufuria ya Mama Véro na Vibandiko vya Mistari

Leo nimeadhirika, wenzangu. Tena mbele ya mama yake Béa, mtu pekee katika Likasi nzima niliyetaka anione mtu mzima.

Mnajua ninavyompenda Béa. Mnajua pia mama yake huyo, Mama Véro, husema mimi ni kijana mzuri, ila akili yangu hutembea peke yake. Leo mdogo wake Béa amepata komunyo ya kwanza, na Mama Véro ameazima masufuria kwa majirani. Akanikabidhi mimi niyatunze. Mtihani huo!

Hapa kwetu kila mama hupitisha waya wa shaba kwenye sikio la sufuria lake na kuusokota kwa namna yake, lisipotee. Wa Mama Véro umesukwa kama nywele za mtoto wa shule. Mimi nikaona hayo ni mambo ya kale. Kwenye stoo ya kiwanda kule Panda ninakofanya kazi (kazi gani siku hizi, kufukuza panya tu), kuna vibandiko vya karatasi vyenye mistari myeusi. Unavimulika kwa taa nyekundu, kompyuta inakuambia kitu ni cha nani. Jana niliingiza majina ya wamama wote. Leo asubuhi nikang'oa waya zote kwa koleo, nikabandika.

“Ilunga, hii njo nini?” Mama Véro akauliza.

“Mama, hii mistari inajua jina ya mwenye sufuria.”

“Inajua, alafu inanyamaza?”

Sikujali. Nilikaa kivulini, nikaanza kuota. Niliiona Likasi yote ina mistari: kila baiskeli, kila mbuzi, kila kiatu. Hakuna kinachopotea tena. Hata treni iliyoacha kuja inakumbuka njia ya kurudi. Béa anapita polepole mbele ya taa nyekundu, na kompyuta inaandika: wa Ilunga. Raha iliyoje!

Nikasikia harufu ya kitu kinachoungua. (Nikadhani ni kuku.)

Wamama walikuwa wameshainjika masufuria kwenye mbabula, makaa yanawaka. Karatasi, jamani! Nimebandika karatasi kwenye sufuria la kupikia! Vibandiko vilivyopona moto viliishia kwenye mchanga wa kusugulia.

Watu walipokwisha kula bukari, ugali wetu, wamama wakaja kuchukua vyombo vyao. Masufuria yote meusi, yote mapacha.

“Ile ni yangu!”

“Yako iko na tundu!”

Nikainua mkono, nikasema kompyuta itaamua.

“Iko wapi?” akauliza Mama Véro.

“Iko ku Panda.”

“Alors, tubebe masufuria yote ku kichwa mpaka ku Panda?”

“Leo haiwezekane, Mama. Courant hakuna, kompyuta haiwake.”

Ndipo Béa, Béa wangu mwenyewe, akasema: “Mama, moja inabakia. Angalia nyuma ku suruali yake.”

Nilikuwa nimekalia kibandiko! Ua mzima ukaangua kicheko, hadi katekista.

“Na huyu ni wa nani?” mama mmoja akauliza.

Nilitamani kulia. Mama Véro hakucheka. Aliinama kwenye rundo la waya nilizong'oa, akachagua wa kwake, akaushika mkono wangu na kuusokotea hapo, taratibu.

“Sasa hautapotea,” akasema. “Beba masufuria.”

Nimeyabeba mpaka nyumba ya mwisho, yakitambuliwa kwa mibonyeo yake, baada ya ugomvi mwingi. Waya bado uko mkononi, na sitaki kuuvua.

Kwa hiyo mkinicheka, chekeni kwa adabu: mimi sasa nina mwenyewe.