Jinsi Fundi Saa Alivyoziteka Raba za Kijivu

Sogeeni, enyi wenye miguu, na ninyi mliowahi kubanwa vidole mkanyamaza, niwasimulie habari za Fundi Saa, Simba wa Skrubu Ndogo, Mfufuaji wa Mishale Iliyolala, na siku aliyotoka kwenda kutafuta jozi moja ya raba ya kuendana na kila nguo.

Hakwenda kwa kupenda. Mara ya mwisho alikanyaga ukweni na raba za rangi ya chungwa, na mama mkwe, Jicho Lisilopepesa, akamwuliza mbele ya ukoo mzima, "Baba, umekuja kutusalimia au kuzima moto?" Mkewe akacheka pamoja na wenzake, kisha akalia njia nzima. "Kesho tunarudi kwetu. Wakikucheka tena," alimwambia asubuhi ya siku hiyo ya kutafuta raba, "nitakuwa nakwenda peke yangu." Maneno hayo yalimchoma Fundi Saa kuliko kicheko.

Basi akaingia dukani, na majeshi yakamjia. Nyeupe zikashambulia kwa mng'ao. Akazirudisha nyuma, maana zilitaka mtumwa wa kuzisugua. Nyeusi zikajipanga safu. Akaona zitamfanya aulizwe geti lipo wapi, kama mlinzi. Mbele ya za bluu aliyumba kidogo, kisha imani ikamrudia, akaziweka chini. Saa mbili zikapita hivyo, hadi muuza viatu akapaza sauti:

"Ewe mteja uliyelikalia benchi langu tangu nifungue! Unataka kiatu gani hasa?"

"Nataka," akanguruma shujaa, "kiatu ambacho mama mkwe akikitazama atakosa la kusema!"

"Si ungesema mapema, kaka." Akainama, akatoa raba za kijivu, kijivu cha ukuta wa ofisi. "Wenye wakwe wote wanachukua hizi."

Kesho yake ukweni, Jicho Lisilopepesa likaanzia kwenye kola, likashuka kifungo kwa kifungo, likafika miguuni. Mkewe akambana mkono. Jicho likatafuta, likakosa.

"Haya, piteni ndani, wanangu. Chakula kinapoa."

Mlangoni wakavua viatu, kando ya jozi nne za waume wa dada za mkewe. Zote za kijivu.

Jioni, hatua ya tatu nje ya ua, Fundi Saa akatambua kwamba amevaa za mwenzake, tena ndogo. Kurudi kuulizia kungelileta tena Jicho miguuni. Akakaza mwendo, vidole vikilia, mkewe amemshika mkono akicheka njia nzima, safari hii kwa furaha.

Naam, iandikwe: siku ile mwanamume alikwenda ukweni na miguu yake yote miwili, na hakuna aliyeiona.