Ndoa Yangu ya Kiingereza, Alasiri Hadi Magharibi

Leo nimevunjika uso, jamani. Nawaandikia haraka, wenzangu wa Eastleigh, maana barua hii ataibeba Mutua, dereva wa lori, na nikichelewa atawafikia yeye kabla ya barua. Mutua alikuwepo. Atakayoongeza msiyaamini. Niliyoandika hapa yanatosha kabisa.

Mnanijua. Mimi si mtu wa kuaibika ovyo. Nilichunga mbuzi Balambala mpaka nikamaliza viatu vya tairi. Nikauza chai Eastleigh. Nikajilipia nauli ya India, hakuna mjomba wala mheshimiwa aliyenichangia, nikarudi na diploma. Hiyo diploma iko ukutani kwenye fremu ya kioo, mahali ambapo mgeni akiingia lazima aione kabla hajaniona mimi. (Mama huanika mtandio wake juu ya fremu hiyo. Tumegombana sana.)

Tangu nirudi Garissa nimefungua darasa la Kiingereza, kila siku baada ya alasiri, nyuma ya ghala la ngozi. Harufu unaizoea. Siku hizi kila mtu anataka Kiingereza kwa sababu ya kambi ya wakimbizi kule Dagahaley: kuna mashirika, kuna wazungu, kuna kazi. Na hapa mjini mwenye diploma ya India ni mmoja. (Ni ya uhasibu. Lakini imeandikwa kwa Kiingereza.)

Wanafunzi wangu ni wanne. Mzee Dubow, mfanyabiashara wa ngamia, ndevu za hina, huleta mifugo kutoka Habaswein. Ma'alim Nur, anayesomesha watoto Kurani. Hassan, muuza nyama. Na Mutua, Mkamba, anayepeleka mahindi ya msaada kambini. Kwa ajili ya Mutua tunafundishana kwa Kiswahili badala ya Kisomali, na kwa ajili ya Mzee Dubow tunakwenda polepole.

Mbinu yangu ni yangu mwenyewe, sikuitoa kitabuni. Kila kitenzi cha Kiingereza nakifunga na methali, halafu na msemo wa mitaani, halafu tunakitenda kwa mikono. Wiki iliyopita tulikuwa na "go". Methali: mwenda pole hajikwai. Msemo wa vijana wa Nairobi: tuhepe. Ma'alim Nur akauliza kama kuhepa ni halali. Nikamwambia inategemea unahepa nini. Kisha tukafika "eat", mla ni mla leo, mla jana kala nini, na Hassan akaleta maini ya kukaanga. Somo hilo wanaliomba lirudiwe mpaka leo.

Basi leo ilikuwa zamu ya "give" na "take". Nikayaandika ubaoni kwa herufi kubwa. Kwa "give" nikawapa methali, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kwa "take" nikawaambia mzungu akikuona una hasira atakwambia "take it easy", maana yake usijipe presha. Wakaandika. Halafu vitendo. Hassan akasimama, akanyoosha chaki.

"I give you chalk."

"I take," nikasema, nikaipokea.

Ma'alim Nur naye, chaki. Nikaona darasa linasinzia. Hapo ndipo kiburi cha ualimu kikanipanda.

"Chaki, chaki, chaki," nikawaambia. "Kitenzi hakiingii kichwani kwa chaki. Toa kitu kinachokuuma."

(Nililipenda sana neno hilo. Nililirudia.)

Mutua akasimama, akapiga kifua. "I give you my lorry."

"I take," nikasema, nikashika usukani hewani, nikabadilisha gia. Wakacheka. Darasa likaamka. Nikajisifu moyoni kwamba wapo maprofesa wasioweza hivi.

Mzee Dubow akainuka polepole akiegemea bakora yake.

"Mwalimu," akasema, "mtoto ya kike, ile yako mwenyewe, kwa Kiingereza inaitwa nini?"

"Daughter, adeer," nikamjibu, maana kwa Kisomali mzee huitwa ami kwa heshima.

Akalinong'ona neno hilo mara kadhaa, kama mtu anayeonja chumvi. Akaja mpaka mbele. Akanyoosha mkono, na mimi nikaushika, maana mwalimu lazima aigize kikamilifu.

"Mwalimu Yusuf," akasema. "I gif you my daughter, Saadia."

Jamani, akili yangu yote ilikuwa kwenye ile "v" iliyogeuka "f". Nilikuwa napanga namna ya kumsahihisha bila kumvunjia heshima. Kwa hiyo nikajibu kama mfano kwa darasa zima, kifua mbele, sauti ya kufika barabarani.

"I take. I take her with both hands."

(Mikono miwili niliiongeza mwenyewe. Hakuna aliyeniomba.)

Nikasubiri kicheko. Hakikuja. Hassan aliweka daftari chini taratibu. Ma'alim Nur, ambaye darasani hujibu wa mwisho kila siku, akawa wa kwanza kusimama.

"Ngojeni kidogo," akasema. "Hapa kuna baba wa binti, amesema ametoa. Kuna mwanaume, amesema amepokea. Mimi ni shahidi. Hassan ni shahidi. Na mkono umeshikwa."

"Ma'alim, hili ni somo."

"Yapo mambo matatu ambayo mzaha wake unahesabiwa kweli. Kuoa, kuacha, na kumrejea mke. Hukufundishwa, na wewe msomi?"

"Lakini tulikuwa tunasema Kiingereza."

"Mungu anajua Kiingereza, Yusuf. Na hakujifunzia kwako."

Mutua akamgusa Hassan bega. "Kwani nini imefanyika?"

"Mwalimu ameoa."

"Saa hii?"

"Saa hii hii."

Mutua akafikiri. Uso ukambadilika. "Na lori yangu?"

"Lori lina mzaha," Ma'alim akamjibu. "Ndoa haina. Kaa chini."

Nikamgeukia Mzee Dubow aniokoe. Bado alikuwa ameushika mkono wangu, na kwa mzee wa umri ule, aliushika imara.

"Adeer, waambie ulikuwa unafanya zoezi tu."

"Mimi nilifanya kama wewe ilisema," akajibu. "Kitu inauma, nikatoa." Kisha akatabasamu ndani ya ndevu. "Lakini wallahi, mimi sikatai."

Ma'alim Nur alikuwa amefumba macho akipima mambo. Alipoyafumbua alisema kimebaki kitu kimoja. Saadia alishaolewa zamani na akaachika. Msichana ambaye hajawahi kuolewa, akinyamaza huwa amekubali. Lakini mwanamke aliyewahi kuolewa lazima atamke mwenyewe kwa mdomo wake. Akikubali, ndoa ni ndoa. Akikataa, hakuna kitu.

"Twende tukamuulize," akasema, akavaa ndara zake.

Saadia ninamjua. Anauza maziwa ya ngamia sokoni, ana meza yake, ana wasichana wawili wanaomuuzia. Nimewahi kununua kwake. (Nilimweleza habari za India. Alisikiliza vizuri sana, nilidhani.)

Safari ya kutoka ghala la ngozi mpaka sokoni si ndefu, lakini katika safari hiyo nilikuwa watu wawili tofauti. Mtu wa kwanza alitoka darasani akilalamika moyoni. Ninyi ni mashahidi wangu, nimetangaza mara ngapi kwamba mke wangu atakuwa msomi mwenzangu, tukikaa jioni tunajadiliana magazeti? Na sasa nimefungishwa ndoa nikiwa na vumbi la chaki kwenye shati. Nilitafuta njia ya kutoroka kwa heshima. Sikuiona.

Tulipopita msikiti, mtu wa pili akaanza kuzungumza. Kwani Saadia ana kasoro gani? Hana deni na mtu. Akicheka, watu wa meza za mbali hugeuka. Ananyanyua mtungi mzito kama kikombe. Na mama yangu, ambaye tangu nirudi ananiuliza nasubiri nini, atapona kabisa presha yake. Tulipofika kwenye mabanda ya nguo nilikuwa nimeshakubali. Tulipofika kwa wauza mkaa nilikuwa nimeshafurahi. Nikajipangusa chaki. Nikatunga hotuba fupi ya kumtuliza, maana mwanamke akipata mume wa aina yangu ghafla namna hii anaweza kuzimia.

Nyuma yetu watu walikuwa wanaongezeka. Mutua alikuwa anamweleza kila aliyeuliza, na hata ambao hawakuuliza.

Mama alikuwa ameshafika kabla yetu. Nani alimwambia, sijui mpaka sasa. Alikuwa amesimama kando ya meza ya Saadia, na vigelegele vya kwanza alikuwa ameshavipiga, naona alikuwa anapumzika kabla ya vya pili.

Ma'alim Nur akaeleza yote kwa utaratibu, kama anavyowaeleza watoto. Saadia akaweka chini faneli ya kumiminia maziwa. Akamtazama baba yake.

"Aabo, umenitoa?"

"Kwa Kiingereza," akasema Mzee Dubow, sauti imepungua.

"Na yeye akakubali?"

"Kwa mikono miwili," akasema Hassan. (Hassan, nilikulaje maini yako?)

Kisha Saadia akanitazama mimi. Nikainua kidevu kidogo, nikageuka upande, maana upande ndiko ninakopendeza. Nikaanza hotuba.

"Saadia, usiwe na wasiwasi. Mimi sitavunja neno langu. Najua hukutarajia bahati ya namna hii."

Nilisema bahati. Nililisikia likitoka, na sikuweza kulirudisha. Nikaona dawa ni kuendelea. Nikamweleza kwamba mimi nimejitengeneza mwenyewe. Nikagusia India. Nikagusia diploma. Nikamwahidi kumsomesha Kiingereza bila malipo, jioni, akimaliza kupika. Soko lote lilikuwa limenyamaza. Hata wauza mbuzi walikuwa wamewashika mbuzi midomo, au niliona hivyo.

Saadia akaningoja nimalize. Ana adabu, sikatai.

"Mwalimu," akasema, "lile lilikuwa somo lako na aabo. Mimi sikujiandikisha."

Kicheko kilianzia kwa wauza mkaa. Ma'alim Nur akainua mkono watu wanyamaze, kwa sababu katika dini lazima jambo liwe wazi.

"Sema bila kuzunguka, binti yangu. Umekubali au umekataa?"

"Nimekataa, Ma'alim. Mtu huyu akija kununua maziwa, anasimama hapo akieleza India mpaka maziwa yanachacha. Wateja wangu wanapitia upande wa pili. Nikimweka nyumbani, nitauza nini?"

Jamani, niliwahi kuanguka kutoka kwenye ngamia nikiwa mdogo. Ngamia alikuwa anakimbia. Nafuu ile.

Nikamtazama mama. Nilijua mama hawezi kuniacha. Mama aliyenibeba mgongoni, mama aliyenililia nikienda India. Mama akanitazama mimi, akamtazama Saadia, akasogeza kibuyu chake mezani.

"Nipimie maziwa, binti yangu," akasema. "Huna kosa."

Mzee Dubow, Mungu amjalie, alinishika kiwiko tukarudi pamoja. Kwenye kona ya ghala la ngozi ndipo alipouliza kama kesho darasa liko. Nikamwambia liko. Akauliza kitenzi gani. Nikamwambia sijui, lakini hakitahusu mikono ya mtu yeyote.

Sasa jua linazama na mama hajarudi nyumbani. Nasikia bado yuko kwa Saadia, wamekaa kwenye mkeka, wanazungumza, na kila baada ya muda mfupi wanacheka mpaka wanafuta machozi. Nadhani wanazungumzia jambo jingine.

Ninyi msinicheke, tafadhali. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuoa, bado sina uzoefu.