Miezi Kumi na Moja Nikiwa Kevin

Jumatatu, 3 Machi
Nimefutwa kazi. Mimi, Wekulo, niliyepanga mikate kwenye kreti kila asubuhi katika kiwanda cha mikate kule Kawangware kwa miezi kumi na moja. Ojwang, msimamizi wetu, alinizuia langoni akasema nisirudi kesho. Sababu hakuna. Nimeumia sana. Bridgit, ninayepanga naye mikate, akasema nisikae kimya. Kibarua akifanya kazi mfululizo miezi yote hiyo, sheria inamhesabu mwajiriwa, hata wa nusu siku. Hafukuzwi bila sababu wala bila kusikilizwa. Kumbe mimi ni mtu mkubwa!

Jumanne, 4 Machi
Nimekwenda Laini Saba kwa Valentine, anayesaidia wafanyakazi kwa mambo ya sheria. Akasema kitabu cha mahudhurio kitanibeba. Nikatabasamu. Halafu nikakumbuka. Kitabuni hakuna Wekulo. Siku ya kwanza sikuwa na kitambulisho, nikaazima cha binamu yangu Kevin. Tangu hapo likiitwa jina Kevin, naitika mimi. Sikumwambia Valentine. Nina mpango.

Jumatano, 5 Machi
Nimemtuma Kevin mwenyewe akadai haki yangu. Nilimfundisha njia nzima. Akadai vizuri mno. Wakarima, mwenye kiwanda asiyetujua kwa sura, akaangalia kitabu, akaogopa sheria, akamrudisha kazini. Yeye, si mimi! Jioni Kevin ameniletea mkate, akasema eti mdosi wangu, yaani bosi Wakarima, ako poa tu.

Alhamisi, 6 Machi
Kevin ameacha kazi saa mbili asubuhi. Kreti ni nzito, anasema. Kwa hiyo mimi nimefutwa, na Kevin ambaye ni mimi ameacha kwa hiari. Nikamweleza Valentine yote. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akasema kesho twende tukaseme ukweli. Sijazoea njia hiyo.

Ijumaa, 7 Machi
Nikaungama kiwandani, mbele ya Wakarima. Ojwang akaniita mlaghai. Bridgit na wenzake wakaacha mikate, wakasema huyu ndiye wamefanya naye kazi siku zote. Wakarima akanipa onyo kwa lile jina, kisha akamuuliza Ojwang kosa langu la Jumatatu. Ojwang akakiri sikuwa na kosa. Kumbe nafasi alimwekea shemeji yake. Nimerudishwa! Mkataba wa mwaka mzima, nusu siku, jina langu. Nilishindwa kuzuia machozi. Valentine akanisomea: wakitaka kunifuta, lazima waniite, wanieleze kosa, wanisikilize nikiwa na mwenzangu.

Jumapili, 9 Machi
Nimesoma mkataba mara nne. Zamu inaanza saa kumi na mbili asubuhi. Kesho nitalala mpaka saa tatu, kwani kabla ya kunifuta lazima wanisikilize. Nimemwomba Bridgit ajiandae kunitetea. Utetezi nimeshauandika, kurasa mbili. Kesho nitaumwa na tumbo.