Kiti Chekundu cha Hadithi za Kutisha

Jumapili, 12 Oktoba

Majani yanaanguka kwa fujo. Nimefagia ua asubuhi, mchana umejaa tena. Lucinda angesema niyaache. Lucinda hayupo, kwa hiyo nafagia.

Habari mbaya baada ya ibada. Bi. Thelma Oakes, mkuu wa maktaba yetu, ametangaza kwamba Usiku wa Hadithi za Mizuka utafanyika kama kawaida. Kama kawaida! Mke wangu Lucinda ndiye aliyesimulia usiku ule tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alikaa kwenye kiti chekundu kando ya meko ya maktaba. Watoto zuliani, wazazi nyuma, wakijifanya wamewasindikiza watoto tu. Tulimzika Aprili. Sasa wanatafuta mtu wa kukikalia kiti chake.

Tumejitokeza wawili. Mimi, na Wendell Tuttle, daktari wa mifugo mstaafu, mtu aliyezungumza na ng'ombe maisha yake yote. Nilimwambia Thelma waziwazi kuwa Wendell hawezi kukikalia kiti kile. Akauliza kwa nini. Nikasema ni kwa sababu ya matako yake. "Alden Whitcomb," akasema, "tuko kanisani."

Tutashindanishwa Jumamosi. Atakayeshinda atasimulia tarehe ishirini na tano. Sitaki mtu mwingine akae pale. Basi. Hilo ndilo jambo lenyewe.

Jumatano, 15 Oktoba

Hadithi yangu tayari. Kazi ya kiume! Mchinja nyama mwendawazimu, msumeno, ghala lenye maiti, mafuriko ya damu hadi ngazi ya tatu. Kisha zinatokea maiti nyingine.

Niliipeleka shambani kwa Bi. Dorcas Labelle, mkaanga donati, nimsomee akiwa kazini. Alisikiliza vizuri tu, huku akigeuza donati kwenye mafuta. Mwisho akasema maiti zimemchanganya, hakumjua hata mmoja wao akiwa hai, sasa amlilie nani? Kisha akaniuliza kama nakula vizuri siku hizi. Mwanamke hana sikio la fasihi.

Wasiwasi wangu ni donati zenyewe. Hapa Nashford hatupigi makofi. Makofi ni ya watu wa mjini. Kila msikilizaji hupewa donati ya tofaa, ya moto, kabla hadithi haijaanza. Hadithi ikiwa mbovu, utasikia watu wanatafuna. Hadithi ikiwa nzuri, donati inapoa mkononi, mwenyewe kasahau anayo. Msimulizi akimaliza, Thelma anapita kukagua mikono. Ndiyo hukumu, haina rufaa.

Lucinda alikuwa akirudi nyumbani na kapu zima la donati baridi. Tulizila wiki nzima kwa kahawa. Mpaka leo donati ya moto hainipiti kooni.

Ijumaa, 17 Oktoba

Wazo! Limenijia naoga. Nimeona haya kidogo, kisha haya ikaondoka.

Kura imepigwa: Wendell anaanza, mimi wa pili. Donati zitaletwa kwa mabeseni mawili, moja kwa kila hadithi. Nimejitolea kuyabeba kutoka kwa Dorcas. Thelma ameguswa, amesema huzuni imenilainisha moyo. Beseni la juu litakuwa na sukari. La chini, langu, chumvi. Chumvi laini, nyeupe, macho hayawezi kuitofautisha. Atakayeonja mara moja hataonja mara ya pili. Donati zitabaki mikononi kama mawe, na kiti kitabaki nyumbani.

Si udanganyifu. Naisaidia tu hukumu ifike inakokwenda.

Jumamosi, 18 Oktoba

Balaa.

Maktaba ilijaa. Watoto walikuja wamevaa vinyago, eti wanafanya mazoezi ya usiku wa kuomba peremende. Wazazi wengi kuliko watoto. Mabeseni mezani, la juu juu, la chini chini. Wendell hayupo! Akapiga simu: ng'ombe wa jirani anazaa vibaya, ameombwa msaada, atachelewa. Thelma akaniambia nianze mimi. Nikasema siwezi, kura ni kura. Akasema, "Mzee, usitutie aibu mbele ya watoto, panda pale." Na hapo hapo akanyanyua beseni la juu, akaanza kugawa.

Nilijaribu kuyabadilisha mabeseni. Alinipiga kikofi mkononi, akaniambia nitapata donati yangu baadaye.

Nikasoma. Maiti ya kwanza, wakatafuna. Maiti ya nne, wakaomba kuongezewa. Damu ilipofika ngazi ya tatu, mtoto mmoja alilamba vidole kwa sauti, mama yake naye akalamba. Nilipomaliza hapakuwa na donati hata mkononi mwa Thelma.

Wendell akaingia, matope hadi magotini. Watu wakagawiwa beseni la pili. Akasimulia juu ya ng'ombe aliyeuzwa na wenye nyumba wakati wa shida, halafu kila jioni ya msimu huu wanasikia kengele yake ikija barabarani, inakaribia lango, inanyamaza. Basi! Hadithi nzima ndiyo hiyo! Hakuna aliyekufa mbele ya macho yetu! Alisema polepole, kwa ile sauti yake ya zizini.

Hakuna aliyetafuna. Wapo waliong'ata mara moja, wakaduwaa, mikono ikashuka. Mtoto mmoja alitokwa machozi, na ukumbi wote ukajua kuwa anamlilia ng'ombe. Thelma alipita kukagua. Donati zote nzima, au zimeng'atwa kidogo tu. Akasema jambo hili halijaonekana tangu enzi za Lucinda. Watu walisimama.

Nilitaka kusema. Ningesemaje? Asiyekubali kushindwa si mshindani, Thelma akaninong'oneza, akanipigapiga bega. Nimerudi nyumbani kwa miguu.

Jumapili, 19 Oktoba

Wendell amekuja. Alisimama barazani, kofia mkononi. Akasema jana, baada ya watu kutoka, alikula donati moja ya beseni lake. Mimi nikatazama majani. Akasema wapo ng'ombe huku Vermont ambao wangeilamba siku nzima.

Nikangoja anitukane. Hakunitukana. Akasema kama nakihitaji sana kiti, tusimulie wote wawili, nusu kwa nusu, na kama ninayo hadithi yoyote ya Lucinda angependa kuisikia kutoka kwangu, maana yeye mwenyewe alikuwa akija kila mwaka kukaa nyuma kabisa, na hana mtoto wala mjukuu wa kumsindikiza.

Ujanja mtupu. Anataka kuniibia hadithi. Nikamwambia ng'ombe wanamngoja, nikafunga mlango.

Nimemkumbuka Lucinda leo. Nyumba inalia-lia kwa upepo na hakuna wa kumwambia.

Jumamosi, 25 Oktoba

Usiku wenyewe wa hadithi. Mpango ulikuwa safi. Naingia maktaba mapema, najificha kwenye stoo ya vitabu nyuma ya meko, na mnyororo wa trekta. Wendell akifika katikati, nautikisa. Watu wanacheka, hadithi inavunjika, kila mtu anaona kuwa Wendell hafai.

Mlango wa stoo unafunguka kwa nje tu. Sikulijua hilo.

Nilikaa gizani na vitabu vilivyoliwa na panya. Nikamsikia Thelma akiwakaribisha watu. Akawaambia yeye huulizwa kila mwaka kwa nini mji mzima, wakubwa kwa wadogo, unakuja kutishwa. Akasema watoto wanapenda kuogopa kwa sababu wanajua mama atawasha taa. "Sisi wakubwa je? Sisi tunakuja kwa sababu tungependa kweli kuwe na mtu upande wa pili wa mlango."

Maneno matamu, hayana faida. Mimi ndiye niliyekuwa upande wa pili wa mlango, na hakuna aliyependa kujua.

Wendell akaanza. Hadithi mpya, ya mfungwa aliyesahauliwa. Akafika pale mlinzi anapoinama kusikiliza ukutani, akanyamaza. Nikautikisa mnyororo kwa nguvu zangu zote.

Mayowe! Mayowe ambayo sijapata kuyasikia Nashford! Watu wazima wakikumbatiana! Nikautikisa tena ili wacheke. Wakapiga mayowe zaidi. Nikagonga mlango nitolewe, nikaita, "Nifungulieni!" Nikasikia viti vinaanguka.

Wamenifungulia watu walipoondoka.

Jumapili, 26 Oktoba

Mji mzima unamsifu Wendell kwa ubunifu. Wanauliza alimlipa nani kule stoo. Anasema ni siri ya kazi. Hata kunitaja hakunitaja, mshenzi mkubwa.

Thelma ameniletea supu ya boga. Akaniambia nilipokuwa stoo sikuona jambo moja: Wendell hakukikalia kiti. Alisimama muda wote kando yake, mkono juu ya mgongo wa kiti, na walipomkaribisha akae alisema kina mwenyewe.

Nimelifikiria hilo sana. Nina hakika ni bawasiri.

Ijumaa, 31 Oktoba

Usiku wa watoto kuvaa vinyago na kupita nyumba kwa nyumba kuomba peremende. Lucinda alikuwa akipamba baraza lote kwa maboga yenye macho. Mimi nimezima taa za mbele ili nisisumbuliwe. Nina bakuli la peremende, lakini ni la kuzuia lawama.

Wakapita nyuma! Jua lilikuwa linazama tu. Kundi zima la watoto wa akina Gagnon: mchawi, popo wawili, na mdogo mmoja aliyevaa shuka. Wakanikuta mezani jikoni. Mchawi, binti mwenye meno ya mbele yaliyotoka, akaniuliza dirishani, "Babu Alden, mbona dirisha liko wazi na baridi hii?"

Nilikuwa nimechoka. Sikuwa na hadithi yoyote kichwani. Nikamjibu tu ilivyo. Kwamba kila mwaka msimu kama huu bibi yenu Lucinda alikuwa akizunguka nyumba kila jioni kufunga madirisha, na la jikoni ndilo la mwisho. Kwamba mimi nililiacha wazi makusudi kila siku, kwa miaka yote ya ndoa, kwa sababu nilipenda kumsikia akilalamika akija. Kwamba hata sasa naliacha wazi. Asubuhi nashuka kuangalia.

Popo mmoja akauliza kama huwa limefungwa.

Nikasema bado.

Yule mchawi akasogea, akauliza kwa sauti ndogo, "Na ukilikuta limefungwa, babu, utafanyaje?"

Nikasema nitachemsha kahawa ya watu wawili.

Mama yao alikuwa amefika kutoka langoni kuwahimiza, naye akasimama hapo hapo, kiganja mdomoni. Mwenye shuka akamshika mama mkono. Walinitazama, wakalitazama dirisha, wakaondoka mmoja mmoja bila kugeuza mgongo.

Watoto wa siku hizi hawana adabu. Hata asante! Na peremende hawakuchukua hata moja, bakuli zima limenibakia. Nimekula mpaka jino limeuma.

Jumapili, 2 Novemba

Ushindi! Ushindi mkubwa!

Thelma alinijia baada ya ibada, macho mekundu, nadhani mafua. Akasema watoto wa Gagnon hawajalala siku mbili, na wanaomba wasimuliwe tena. Wameshawasimulia wenzao wote wa shule. Mama yao ameisimulia kwa majirani, na sasa watu wazima wa mtaa ule wanaacha dirisha moja wazi wakienda kulala. Wendell naye amesikia. Amesema hatasimama tena mbele ya watu, kiti kimempata mtu wake. Thelma akanishika mikono yote miwili. Mwakani ni mimi. Akaniomba jambo moja tu: niseme vile vile nilivyosema jikoni, nisiongeze neno.

Nikakubali papo hapo. Nikaapa mbele ya mchungaji.

Nimefika nyumbani na kuanza kazi mara moja. Hadithi ya dirisha si mbaya ila imepwaya sana. Hakuna anayekatwa. Nimeongeza jeneza, mbwa wa vichwa viwili, na mkono wa marehemu unaoingia dirishani kumkaba mume, damu mpaka dari. Kahawa nimeiondoa, inapoozesha. Yule mchinja nyama naye nimempatia nafasi mwishoni, na msumeno wake.

Lucinda angenikataza. Angesema, "Alden, kaa chini, sema tu." Mke mwema, Mungu amrehemu, lakini kutisha watu hakukujua.