Marafiki wa Fisi-maji

Kulikuwa na kijana mjini aliyeitwa Kola, kwa sababu kola ya shati lake ilipigwa wanga na pasi kila siku, hata zile siku ambazo viatu vyake vilikuwa vinacheka kwa mbele. Kazi yake ilikuwa kuongea. Hakuvunja dirisha la mtu wala hakumpandishia mtu sauti. Aliongea tu, na msikilizaji akifika nyumbani ndipo anaanza kujipapasa mifuko.

Asubuhi moja aliingia ukumbi wa hoteli kunywa chai ya bure. Palipo na semina, Kola naye alikuwa mjumbe: kitambulisho cha zamani kifuani, kimegeuzwa nyuma mbele, na uso wa mtu aliyechoshwa na vikao. Semina ya siku hiyo ilihusu wanyama na matumizi ya ardhi. Mama mmoja wa shirika la kulinda vyura alisimama, akaonyesha picha ya chura mdogo wa kijani, akaongea kwa uchungu kidogo. Mkurugenzi kutoka wizarani akaitikia kwa kichwa, akasema wizara imelipokea hilo, na eneo la chura halitajengwa.

Nyuma ya ukumbi, mzee mmoja mwenye saa kubwa aliweka kikombe chini kama mtu aliyepokea habari za msiba.

"Pole, mzee," Kola akamwambia. Na kwa kweli pole ile ilitoka moyoni. Huruma alikuwa nayo kijana yule, ila hakupenda kuiacha ikae bila kazi.

"Chura," mzee akasema. "Mimi nina kiwanda cha mabati, nimezuiwa na chura kujenga maghala. Hana hata hati ya kiwanja."

"Ana shirika. Wewe una nini?"

Tajiri wa Mabati akafikiri. "Nina mabati."

"Ndipo ulipokosea, mzee wangu. Wizara haisikilizi mabati. Inamsikiliza anayelia kwa niaba ya mnyama. Tafuta wa kwako, tukamlilie."

Basi wakasogeza viti. Tajiri alikuwa na jicho lake kwenye bonde la matete nyuma ya soko, ambalo wizara ilikuwa bado haijaamua kama litahifadhiwa au litajengwa. Kola akamwambia kuwa bondeni mle wanaishi fisi-maji.

Tajiri akashtuka. "Fisi?"

"Fisi-maji, mzee. Chukua paka, mfundishe kuogelea, mnyime adabu mbele ya samaki. Ndiye huyo. Sasa sisi tunaanzisha Marafiki wa Fisi-maji. Kama marafiki, tunaiambia wizara kwamba wanyama hawa wanateseka pale, soko lina kelele, wanaomba wahamishiwe mbali. Wakihamishwa, bonde linabaki tupu. Nani atalilia bonde tupu?"

Tajiri alicheka mpaka akajifuta macho. Akatoa chumba cha ofisi na kibao cha mlangoni. Gari la kubebea mizigo, jipya, akaahidi kulikabidhi siku wizara itakapolitambua shirika. Mpango wa Kola ulikuwa mfupi: akishika funguo za gari lile, ataendesha mpaka mahali ambapo hakuna anayemjua, akaliuze, aanze maisha na viatu vipya.

Jambo moja tu lilimkwaruza. Aliishi kwa shangazi yake, dada wa marehemu baba, katika chumba cha uani kilichotengwa kwa mbao. Shangazi alilima mboga ukingoni mwa bonde lile lile, yeye na kina mama wenzake. Kola akichelewa kurudi, alikuta sahani imefunikwa na kitambaa safi, na hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi. Tajiri akilipata bonde, tuta la shangazi litalala chini ya saruji, na shangazi hakuwa na kazi nyingine. Lakini Kola alijituliza. Wizara ile iliwahi kuchukua miaka kuchagua rangi ya geti lake. Kabla haijaamua, yeye atakuwa ameshatoweka, na uongo utakuwa umejifia wenyewe.

Kulikuwa na sharti. Shirika halitambuliwi bila wanachama, na wanachama lazima wamchague mwenyekiti kwa kunyoosha mikono mbele ya mtu wa wizara. Kola alihitaji mikono. Akawapelekea kina mama wa bondeni fulana zenye picha ya mnyama.

"Kazi yetu nini, mwanangu?" Shangazi akauliza, akiipima fulana kifuani.

"Kukaa, shangazi. Mkisikia jina langu, nyoosheni mikono. Kuna soda."

"Kukaa tunaweza," shangazi akasema, akachukua na shati la Kola akaenda kulipiga pasi.

Wiki nzima Kola alifanya mazoezi ya hotuba chumbani kwake, kwa sauti ya kilio chenye heshima. "Fisi-maji wetu wamechoka. Wanaomba kuhama." Alipofika pale pa kusema bonde litabaki wazi kwa maendeleo, alipanguza chozi ambalo halikuwepo. Alisahau kwamba ukuta ni mbao, na upande wa pili palikuwa na mtu anayepiga pasi polepole.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa fulana. Mkurugenzi mwenyewe alikuja, na alipoona bibi mmoja amesimama akampisha kiti chake. Tumsifu kwa hilo. Tajiri alikaa mbele na funguo mkononi, wapiga picha wakimzunguka.

"Mapendekezo ya mwenyekiti," akasema mkurugenzi.

Kola akatengeneza kola.

"Nampendekeza shangazi yake Kola," akasema muuza mchicha wa safu ya pili.

Mikono ikanyooka yote kwa pamoja, kama matete upepo ukitulia. Kola naye, kwa mshangao, akajikuta wa kwake uko juu.

"Imepita," akasema mkurugenzi. "Mama, neno kidogo."

Shangazi akasimama, akakunja mikono tumboni. "Sisi marafiki wa fisi-maji tunasema hivi. Hawahami. Wamezaliwa pale, na wametuzoea sisi tunaolima ukingoni. Mkituondoa, nao wataondoka. Tunamshukuru sana huyu mzee wa mabati, ambaye kwa kuwapenda wanyama hawa ametupa ofisi, na leo gari."

Ukumbi ukapiga makofi. Tajiri alifungua mdomo, akaziona kamera, akaufunga. Angesema nini mbele ya watu? Kwamba alinunua urafiki ili awafukuze rafiki zake? Akanyoosha funguo kwa vidole viwili, na picha yake ikatoka vizuri sana.

Jioni Kola alimkuta shangazi jikoni. "Umeniuza," akamwambia.

"Nimekuuza kwa nani? Si uko hapa? Kaa ule."

"Lile gari lilikuwa maisha yangu."

"Na lile tuta?" Shangazi hakupandisha sauti. Alimpakulia, na Kola akala akiwa ameinamisha uso.

"Mkurugenzi anasema wizara haina waandishi," shangazi akaendelea. "Tukimpelekea maneno ya sheria yaliyokwisha andikwa vizuri, atagonga muhuri. Wewe una maneno. Andika."

Akaandika. Akaandika kwamba bonde la matete halitajengwa, na kwamba kilimo cha mboga ukingoni ni sehemu ya maisha ya fisi-maji. Halikuwahi kutungwa jambo la ajabu kama lile, na hakuna aliyelihoji.

Kabla ya kugonga muhuri, mkurugenzi alifika bondeni na msaidizi wake kujionea. Walisimama ukingoni wakichungulia. Matete yakatikisika upande wa maji.

"Nimemwona," mkurugenzi akanong'ona.

"Wawili," akasema msaidizi. "Mmoja ana mtoto."

Muhuri ukagongwa pale pale, juu ya bodi ya gari. Shangazi akang'oa fungu la mboga, akalifunga kwa majani, akampa mkurugenzi ampelekee mkewe.

Walipoondoka, Kola alimsogelea. "Shangazi, niambie kweli. Wewe umewahi kuwaona?"

"Mkubwa wa wizara kawaona, mwanangu. Mimi ni nani nimbishie?" Akamtupia kitambaa. "Futa gari, lina vumbi. Kesho utawapeleka kina mama sokoni."