Kifurushi Kilichovuka Ukuta wa Mzee Andongwisye

Jongeeni, enyi wa Matwebe na wa Mpuguso! Tueni vikapu vya chai, zimeni redio, mnyamaze. Kwani nawasimulia vita ambamo haikumwagika damu bali chai, tena nusu kikombe, na mshindi wake alipigana akiwa amekalia kigoda.

Shujaa ni Tulinagwe binti Jacob, mtunzi wa programu ipokeayo vipimo vya mvua na joto, ikavipigia hesabu nzito nzito, kisha ikatabiri siku ukungu, ule ugonjwa uozeshao, utakapoyavamia majani ya viazi. Msimu uliopita ukungu uliwatangulia watu. Viazi vikaozea shambani, naye Tulinagwe akalia pamoja na wenye mashamba. Sasa wakulima walikuwa wamejaa sebuleni kwa baba mkwe wake, Mzee Andongwisye, mwenyekiti wao na mtunza kompyuta ya kikundi. Programu isipowaka kabla hawajatawanyika, wangerudi kutazama mawingu ya Mlima Rungwe na kubahatisha.

Mtauliza, si angeingia tu akaisakinisha kwenye kompyuta? Thubutu! Mzee ni wa kale: mke wa mwanawe haketi naye chumba kimoja, wala hawatazamani usoni. Ndiyo heshima ya nyumba ile, na Tulinagwe aliishika bila kinyongo. Tena Mzee, Simba wa Viazi, alikwisha kuikataa programu iliyokamilika. "Mimi," alinena, "sili chakula nisichokiona kikipikwa! Nileteeni kibichi, na maelekezo yake, nikipike kwa mkono wangu!" Basi Tulinagwe akafunga kifurushi cha msimbo mbichi, yaani maandishi ya programu kabla hayajageuzwa kuwa programu kamili, akakituma sebuleni, akakaa jikoni na sikio lake ukutani.

Vidole viwili vya Mzee vikaishambulia kibodi. Mistari ikaporomoka kwenye kioo, wakulima wakashangilia, mara mistari ikakwama. "Imegoma!" Mzee akanguruma.

Mama Elina, mama mkwe, mjumbe asiyeshikika, akaingia jikoni kwa kishindo hata kikombe kikapinduka. "Mkwe wangu, tumekwisha! Mashine inasema kuna kitu imekitafuta, haikioni. Na Kasim muuza dawa za mimea anacheka, eti wingu halihitaji umeme!"

Tulinagwe akaelewa, akajipiga paja. Programu yake hukopa kanuni kutoka programu nyingine ya hesabu, ambayo kwenye kompyuta yake ilikuwemo tangu zamani, hata akasahau kuitaja katika maelekezo. Alikuwa sawa na mpishi amfundishaye mgeni kupika ndizi asitaje chumvi, kwa kuwa kwake chumvi haikosekani. "Yaani mimi huyu!" akasema kwa hasira. "Mama, usiwaache waondoke. Mpe Kasim chai, acheke akiwa amekaa."

Akafungua kompyuta yake juu ya gunia la mkaa, akarekebisha maelekezo ili kifurushi kijiletee chenyewe kilichopungua. Safari hii hakukubali kuponzwa na ukarimu wa mashine yake. Alikijaribu kwanza mahali patupu ndani ya kompyuta ile ile, pasipo hata punje ya msaada, na kikasimama kwa miguu yake, kikafanya kazi. Ndipo akakituma kwenye simu ya Mama Elina, naye akaipeleka sebuleni ameiinua juu, akipaza sauti, "Pisheni! Pisheni, chumvi imefika!"

Mzee akaanza upya. Kompyuta ikavuma, mistari ikapita, ikapita tena. Tulinagwe alifumba macho akaomba Mungu.

"Keshokutwa!" ilisikika sauti, tena ya Kasim. "Jamani, ukungu unaingia keshokutwa! Niacheni nikafungue duka!" Akatoka mbio na kikombe cha watu mkononi.

"Nimeipika mwenyewe!" Mzee akatangaza, kifua mbele, na sebule ikamshangilia.

"Umepika," Mama Elina akajibu, "ila aliyekufungashia mpaka chumvi yuko jikoni."

Mzee akainuka, akaugeukia ukuta, akauwekea kiganja. "Ewe ukuta," akanena kwa sauti ya kutosha kupenya matofali, "umetuokolea viazi. Ndaga fijo, ukuta wangu. Asante sana."

Upande wa pili Tulinagwe aliliinamia sufuria, machozi yakimtoka huku anacheka. "Ewe sufuria," akalijibu, "karibu sana, baba."

Na iandikwe hivyo Rungwe yote: siku ile kifurushi kilisimama bila mwenyewe kuwepo, heshima haikuvunjwa, na viazi vikapuliziwa dawa kabla ya ukungu kuingia.