Kutekwa kwa Chupa Sita Zisizokuwapo

Sogeeni, enyi mlioketi na mliosimama, na wewe unayetafuna karanga huko nyuma pumzisha taya kidogo, maana nataka kusimulia vita ambayo vitabu vimeipuuza kwa uvivu wa waandishi wake. Namsifu shemeji yangu, mume wa dada yangu, Fundi Saa, Mfufuaji wa Mishale, Bwana wa Kibano, jinsi alivyotoka akaenda kununua mvinyo ambao haujatoka. Nilikuwapo. Asiyeamini akamuulize dada, atajibiwa vibaya.

Mvinyo wenyewe ulikuwa mwekundu, wa Kifaransa, mchanga, ungali umelala mapipani huko kwao. Kutiwa chupani ni mpaka mwaka wa pili, na kunyweka, alivyosema muuza mvinyo wa mtaani kwetu, ni baada ya miaka kumi na mitano gizani. Mgawo wa mji mzima kila mwaka ulikuwa kasha moja la chupa sita. Atakayeingia wa kwanza dukani, saa tatu kamili asubuhi, ndiye mwenyewe.

Sasa sikieni kilichokuwa hatarini. Shemeji alikuwa na miaka sitini na minane, na mwaka ule moyo ulikuwa umemwangusha mara moja, daktari akamkataza mbio, chumvi na hasira. Tangu hapo akawa hapokei saa yoyote ambayo matengenezo yake yangepita wiki moja. Hakusema kwa nini. Dada alielewa, akaogopa, na kwa kuogopa akawa mkali.

"Miaka kumi na mitano," alimwambia mezani. "Utakuwa na themanini na mitatu. Huwezi kununua juisi kama watu wengine?"

Shujaa akasimama, mkono kifuani, upande ule mbovu. "Mke wangu, juisi hunywewa leo ikaisha. Mimi nataka kitu kimoja duniani kitakachonilazimu nikingoje."

"Kaa, chai inapoa."

Asubuhi ya siku hiyo kuu tuliketi katika kibanda chake, kati ya saa arobaini na mbili, kila moja na msimamo wake. Shemeji ana mwiko: hatazami saa ya simu. Husema simu haijui saa, huambiwa tu. Anaiamini moja, ile kubwa ya ukutani. Akaitazama: saa mbili na dakika kumi. Akafuta miwani, akaitazama tena: saa mbili na dakika kumi. Akanisimulia habari ya springi fulani, ndefu kweli hiyo habari, kisha akainua macho kwa utulivu wa jemadari. Saa mbili na dakika kumi.

"Shemeji," nikasema, "hiyo si uliisimamisha jana uipake mafuta?"

Hapo hapo, ng'ambo ya barabara, mlango ukafunguka akatoka adui, Daktari wa Meno, Mng'oaji wa Magego, ambaye miaka mitatu mfululizo alilichukua kasha hilo na kuja kutuonyesha risiti.

Kukimbia hakuruhusiwi, basi shemeji akatembea. Alitembea, jamani, mwendo ambao majeshi hayajaujua, kiuno kikienda kushoto na kulia, shati limechomoka, nami nyuma nimebeba kikombe chake cha chai, sijui kwa nini. Adui alitutangulia hatua ishirini, na miguu anayo mirefu. Tungeshindwa kama mama wa duka la vitambaa asingemzuia njiani na kuachama. Daktari yule hawezi kupita jino linalouma, kama shemeji asivyoweza kupita saa iliyosimama.

"Geukia kwenye mwanga, mama," akasema, akainama kuchungulia. Tukampita.

"Nimefika wa kwanza," shemeji akatangaza mlangoni, akihema, "na ninauteka mvinyo huu kwa jina la subira."

"Karibu, mzee wangu," akajibu muuza mvinyo. "Pumua kwanza."

Akalipa, akaletewa fomu. Ndipo dada naye akaingia, ameshika dawa ambazo mumewe alizisahau, akasoma juu ya bega lake mstari wa mwisho: *Atakayepokea iwapo mnunuzi hayupo.*

"Ni desturi yetu kwa mvinyo wa kungojwa," akasema muuza mvinyo, akitazama viatu vyake.

Kalamu ikasimama. Shujaa aliyemshinda Mng'oaji wa Magego akashindwa na mstari mmoja. Dada akamnyang'anya kalamu. Nilidhani ataandika jina langu, na nisiwafiche, nilishaanza kufurahi. Akaandika kwa herufi kubwa: ATAKUJA MWENYEWE. Chini yake akaongeza: NA MKEWE.

"Na chumvi unaacha leo," akamwambia, machozi yakimtoka.

Basi na ikumbukwe vizazi na vizazi kwamba siku ile, saa tatu na dakika saba kwa saa ya muuza mvinyo, na saa mbili na dakika kumi kwa saa yake mwenyewe, mtu mwenye moyo mbovu alinunua chupa sita zisizokuwapo, akarudi nyumbani mikono mitupu, kashinda.